Chungu cha shule kikipungua, mzazi aambiwe ukweli

JUMAPILI jioni, Machi 15, 2020, mpishi wa shule moja ya msingi eneo la Ganze, kaunti ya Kilifi, aliloweka mahindi na maharagwe kama ilivyo desturi yake. Githeri ya Jumatatu huanza Jumapili. Nafaka iliyolala majini usiku kucha huiva upesi na haili kuni nyingi. Hakuwa na habari kwamba siku hiyo hiyo Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ametangaza shule zote nchini zifungwe, siku mbili tu baada ya kisa cha kwanza cha corona kutangazwa Kenya.

Asubuhi watoto walifika kama kawaida, maana si kila nyumba ina redio. Mwalimu mkuu alikuwa langoni akijiandaa kuwarudisha. Mpishi akamwita kando.

"Mwalimu, na hii niliyoloweka?"

"Ipike, mama. Wale kwanza, kisha waende."

Walikula mapema kuliko siku zote, wameketi mbalimbali chini ya mikorosho, wakaondoka. Wengi wao hawakuonja tena chakula cha shule hadi Januari 2021.

Shule hiyo inaendeshwa kwa msaada wa wahisani. Haina karo. Kabla ya corona ilikuwa na watoto 180, walimu wanane, mpishi na mlinzi. Walimu wake hawamo katika orodha ya mishahara ya tume ya walimu, TSC. Fedha zilitoka kwa kikundi cha watu wa Ulaya waliowahi kuja likizo Watamu na Malindi, wakaona hali ya vijiji vya bara, wakaamua kusaidia.

Yaliyoipata shule hiyo katika miaka mitatu iliyofuata yanamhusu kila mzazi ambaye mtoto wake hula shuleni chakula asichokinunua yeye.

Nguzo mbili, mzizi mmoja

Mwalimu mkuu alikuwa akiamini kwamba shule yake ina nguzo mbili. Mfadhili akilegea, wazazi watashika. Wazazi wakikwama, mfadhili atashika. Corona ilimwonyesha kwamba nguzo zote mbili zilikuwa zimesimama juu ya utalii.

Italia, nchi yenye wageni wengi Malindi na Watamu, ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza za Ulaya kupigwa vibaya. Machi 25 ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa. Mwezi Aprili watu wakazuiwa kuingia na kutoka Kilifi, Kwale na Mombasa. Hoteli zilifungwa. Akina mama waliokuwa wakifua mashuka ya hoteli, vijana waliokuwa wakiendesha tuktuk na wauza madafu wa ufuoni wakarudi vijijini siku zile zile ambazo mfadhili naye alikuwa amejifungia kwake, hana uhakika wa kazi.

Mshahara wa Aprili ulilipwa nusu. Wa Mei haukulipwa. Mwalimu mmoja alichukua bodaboda ya shemejiye. Mwingine aliingia msituni kuchoma makaa. Mwalimu mkuu alifuga kuku, akauza mayai kwa jirani.

Stoo ya shule ilikuwa na gunia nne za mahindi za kilo 90 na gunia moja la maharagwe. Walimu walipendekeza viuzwe ili wagawane kitu.

"Mwalimu, hata sisi tuna watoto," mmoja alimwambia.

Hakuwa na jibu la kumtuliza. Chakula kile kilinunuliwa kwa jina la watoto, na kingekaa, dumuzi wangekimaliza. Aliita wazazi kwa makundi ya watu kumi, kila mtu na barakoa yake, wakanawa mikono kwa mtungi uliofungwa kamba na kijiti cha kukanyaga. Kila mtoto aliandikiwa kilo mbili za mahindi na nusu kilo ya maharagwe. Walimu wawili walikasirika, na shule ilipofunguliwa hawakurudi. Mwalimu mkuu hajawahi kuwalaumu.

Sare iliyorudishwa

Serikali ilipeleka masomo kwenye redio na televisheni. Kwa nyumba zenye redio na betri yalisaidia. Kwa nyingine, walimu waliobaki waliandika maswali kwa mkono na kuyapeleka kwa miguu mara moja kwa wiki. Katika matembezi hayo mwalimu mkuu aliona ambacho rejista ya darasa haionyeshi. Watoto waliokuwa wakila mara mbili kwa siku, mara moja shuleni na mara moja nyumbani, sasa walikuwa wakila mara moja. Mvulana aliyekuwa wa kwanza katika hesabu alikuwa akibeba magunia ya makaa. Wasichana wawili wa madarasa ya juu walikuwa wametumwa mjini kufanya kazi za nyumbani.

Oktoba 12, 2020 serikali iliruhusu Gredi ya 4, Darasa la Nane na Kidato cha Nne warudi kwanza. Darasa la Nane la shule hiyo lilikuwa na watoto 19. Walirudi 15.

Wiki hiyo mama mmoja alifika ofisini na sare iliyofuliwa na kukunjwa vizuri. Binti yake alikuwa na mimba ya miezi saba.

"Mwalimu, nimerudisha. Apewe mwingine."

"Mama, sare hii kweli haimtoshi tena. Tutamshonea nyingine pana. Mlete Jumatatu."

"Na watu?"

"Watu watachoka kusema, mama. Mtihani hautamngoja."

Kanuni za elimu Kenya zinamruhusu msichana aliyepata mimba kuendelea na masomo na kurudi baada ya kujifungua, lakini kanuni haitembei yenyewe hadi nyumbani kwa mtu. Mitihani ya KCPE ya mwaka huo ilifanywa Machi 2021. Binti huyo aliifanya, na mtoto wake mchanga alishikwa na nyanya yake chini ya mwembe nje ya uzio.

Daftari latoka kwenye droo

Januari 4, 2021 madarasa yote yalirudi. Wako waliopotea, na wako waliokuja kutoka shule ndogo za kulipia zilizofungwa kabisa, hivyo idadi ikabaki karibu na 180. Lakini mvua za vuli za mwisho wa 2020 zilikuwa haba. Za masika zikafuata mkondo huo huo. Julai ikaja barua ya mfadhili: kuanzia muhula huo wangeweza kutoa nusu tu ya chakula.

Kwa miaka tisa mwalimu mkuu alikuwa ameficha hesabu za shule kwenye droo. Alidhani anawalinda wazazi na wasiwasi. Wazazi nao walidhani kuna kisima cha fedha kisichokauka. Alipowahi kuomba kuni, baba mmoja alimcheka: "Si una Wazungu, Mwalimu?" Hakuna aliyekosea kwa makusudi. Yeye hakusema, nao hawakuuliza.

Safari hii aliita kila darasa na saa yake, akatoa daftari, akasoma kila kitu, pamoja na mshahara wake mwenyewe. Watu walikaa kimya. Walikuwa wakidhani ni mara tatu yake.

Kisha akaandika ubaoni. Kipimo cha chakula cha mchana ni gramu 150 za mahindi na gramu 40 za maharagwe kwa mtoto. Kwa watoto 180 ni kilo 27 za mahindi na zaidi ya kilo saba za maharagwe kwa siku. Gunia la mahindi la kilo 90 linaisha kwa siku tatu na kitu. Muhula wa wiki 10 una siku 50 za kula, kwa hiyo unahitaji gunia 15 za mahindi na gunia nne za maharagwe. Mfadhili ameahidi gunia saba na nusu za mahindi na gunia mbili za maharagwe.

"Tupike nusu kila siku?" aliuliza.

Mpishi akainua mkono. Alisema nusu sahani humfanya mtoto apigane kwenye foleni. Ni afadhali siku tatu za githeri ya kutosha, na siku mbili za uji mzito. Uji wa watoto 180 unataka kilo tisa za unga, theluthi moja ya mahindi ya githeri, na hakuna siku ambayo mtoto angekaa na njaa kutwa nzima.

Wakapiga hesabu upya. Githeri siku tatu na uji siku mbili ni kilo 99 kwa wiki, sawa na gunia 11 kwa muhula. Pengo likawa gunia tatu na nusu, yaani kilo 315. Likigawanywa kwa watoto 180, linakuwa chini ya kilo mbili kwa kila mtoto kwa muhula mzima. Maharagwe yaliyopungua yalikuwa kilo 36, kikombe kimoja cha maharagwe au kunde kwa kila mtoto.

Mzee mmoja aliyekuwa akilea wajukuu wanne alisimama.

"Mwaka jana mlitupa kilo mbili kila mtoto. Leo mnaomba kilo mbili. Hili si jambo la kutushinda."

Hesabu hiyo ilikuwa na siri moja nzuri. Wazazi wa watoto 158 wakileta kilo mbili, pengo la mahindi linazibika. Maana yake watoto 22 wanaweza kuja mikono mitupu na bado chungu kikatosha. Wanakamati walikubaliana kwamba hao 22 hawataandikwa popote.

Foleni isiyo na madeni

Si wote walioridhika. Baba mmoja mwenye watoto watatu, aliyeleta kilo zake sita siku ya kwanza, alitaka asiyeleta asile. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Alisema mtu akiona jirani anakula bure, kesho naye hataleta.

Mwalimu mkuu alimsikiliza hadi mwisho.

"Baba, anayedaiwa ni mzazi. Anayesimama kwenye foleni ni mtoto. Siwezi kumdai mtoto."

"Basi mimi ndiye mjinga."

"La, baba. Wewe ndiye umemlisha."

Hakukubali. Aliwahamisha watoto wake hadi shule ya umma iliyokuwa mwendo wa saa moja. Shule ikapoteza watoto watatu wenye bidii na baba mwenye mkokoteni uliokuwa ukileta maji. Uamuzi sahihi nao una gharama yake, na walioulipia zaidi ni akina mama waliolazimika kubeba maji kichwani kwa zamu.

Hata hivyo, alichohofia hakikutokea kwa ukubwa aliodhani. Aliyekosa mahindi alileta mzigo wa kuni. Aliyekosa kuni alikuja kuchambua maharagwe na kuosha sufuria. Mwenye mkorosho alileta korosho, zikauzwa, chumvi na mafuta vikanunuliwa.

Gunia mbili zilizotupwa

Septemba 8, 2021 serikali ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Kilifi ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoumia. Mwaka 2022 ukawa mgumu zaidi. Mvua ziliendelea kukosekana, vita vya Ukraine vikapandisha bei ya mafuta ya kupikia, na pakiti ya unga ya kilo mbili ikapita shilingi 200. Julai 2022, kabla ya uchaguzi wa Agosti, serikali iliiteremsha kwa ruzuku hadi shilingi 100. Nafuu hiyo haikudumu.

Katikati ya shida hiyo mwalimu mkuu alifanya kosa. Aliona mahindi ya bei rahisi kwenye lori, akanunua gunia tano bila kuyakagua vizuri. Yalikuwa na unyevu. Baada ya wiki tatu gunia mbili zilikuwa na ukungu wa kijani. Ukungu wa aina hiyo unaweza kuzalisha aflatoxin, sumu inayoharibu ini na isiyoondoka kwa kuchemsha. Ni sumu hiyo hiyo iliyoifanya Kenya izuie kwa muda mahindi ya Uganda na Tanzania mnamo Machi 2021.

Mtu mmoja alimshauri ayachanganye na mazuri, hakuna atakayejua. Aliyazika. Kisha akaandika daftarini, "Hasara: gunia 2, kosa la mwalimu mkuu," na akalisoma mkutanoni.

Mama mmoja mfanyabiashara wa nafaka hakumkaripia. Alimfundisha njia ambayo kila nyumba inaweza kuitumia. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mahindi yana unyevu, yasiwekwe stoo. Ikibaki kavu chini ya chupa, yanafaa kuhifadhiwa. Aliongeza kwamba magunia yasiwekwe sakafuni wala yasiegemee ukuta. Yakae juu ya mbao, na hewa ipite.

Tangu siku hiyo mama huyo ndiye anayeshika ufunguo wa pili wa stoo. Mlango una kufuli mbili, moja ya mwalimu mkuu na moja ya wazazi. Hakuna anayeingia peke yake.

Ubao wa mlangoni

Juu ya mlango huo kuna kipande cha ubao. Kila Ijumaa watoto wa madarasa ya juu hupima kilichobaki, hugawanya, na kuandika kwa chaki idadi ya siku za chakula zilizosalia. Ni somo la hesabu, na pia ni tangazo kwa kila mzazi anayepita.

Mwishoni mwa 2022, mvua za vuli zilipokosekana tena, ubao ulisoma siku sita, na muhula ulikuwa bado na wiki tatu. Mwalimu mkuu hakuitisha mkutano. Jumatatu alikuta nje ya stoo mafungu madogo madogo: mihogo, kunde katika chupa ya soda, unga ndani ya mfuko wa nailoni. Havikutosha. Siku za githeri zilipunguzwa kutoka tatu hadi mbili, na wiki ya mwisho watoto walikunywa uji peke yake. Lakini shule haikufungwa kabla ya tarehe yake. Mfadhili naye, aliyekuwa akitumiwa picha za daftari lile lile wanalosomewa wazazi, aliongeza mchango wake muhula uliofuata. Masika ya 2023 hatimaye mvua ilinyesha.

Mzazi anaweza kuuliza nini

Kuna wazazi wanaoona haya kuuliza lolote katika shule isiyotoza karo. Wanaona kuuliza ni kukosa shukrani. Mwenye shule naye huenda akaona kueleza ni kujivua nguo. Baina ya haya hizo mbili, mtoto ndiye hubaki na sahani tupu.

Mzazi anaweza kuanza na maswali matano, kwa adabu, kwenye mkutano au ofisini. Chakula kilicho stoo kinatosha siku ngapi? Kinatoka kwa nani, na ahadi yake inaishia lini? Ufunguo anao nani zaidi ya mwalimu mkuu? Walimu wamelipwa hadi mwezi gani? Fedha za nje zikikatika leo, wazazi wanaombwa nini, kwa kiasi gani?

Swali la mwisho ndilo lenye uzito zaidi, na jibu lake lisiwe "tusaidieni". Neno hilo humtisha maskini, kwa kuwa halina mwisho. Liwe na kipimo. Kilo mbili na kikombe kimoja cha kunde ni jambo ambalo mama anaweza kulipanga tangu siku ya mavuno.

Ukame utarudi siku moja, kama ulivyorudi siku zote. Shule inayongoja siku hiyo ndipo ifungue daftari itakuwa imechelewa. Wakati wa kuhesabu magunia pamoja ni huu, stoo ikiwa ina kitu.